Mama, Binti na Mjukuu: Mafunzo Kutoka Kihambani

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za miradi za sharika)



Wapendwa wanakamati, nanyi wafadhili mnaoshirikiana nasi,

Leo tujifunze kutoka katika bustani ya nyumbani ya Kilimanjaro, yaani kihamba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilivitambua vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Vipande hivi vidogo vya ardhi vimelisha vizazi vingi. Siri yake ni nini?

Kwanza, kihamba hurudishiwa. Ng'ombe na mbuzi hulishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yao hurudi shambani. Anayevuna bila kurudisha huishia kukata mikungu midogo.

Pili, kila mmea una nafasi yake. Juu kuna mringaringa wa kivuli, kisha migomba, kisha kahawa, na chini kabisa maharage na magimbi. Mrefu hamfukuzi mfupi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, shina la mgomba huachiwa mama, binti na mjukuu. Machipukizi mengine hung'olewa ili yasinyang'anyane chakula. Mama akishazaa hukatwa, lakini binti amekwisha kukua na mjukuu anafuata. Shina halifi.

Hapa tujiulize: ni miradi yetu mingapi yenye mama peke yake? Mweka hazina mmoja ndiye anayelielewa daftari. Fundi mmoja ndiye anayejua kufungua pampu. Siku akihama, au Bwana akimwita, bomba linakauka na akina mama wanarudi mtoni na ndoo zao. Si kwamba fedha zimekosekana, mrithi hakuandaliwa.

Kwa hiyo tunawaomba wanakamati: kila mwenye jukumu awe na binti na mjukuu wake, watu wawili wa umri tofauti, wakiwemo vijana na wanawake, wanaojifunza kazi kwa vitendo angali yupo. Nanyi wafadhili, mnapouliza ni wangapi wamenufaika, ulizeni pia nani atapokea kijiti. Kuandaa mtu huchukua muda, wala hakupendezi katika picha kama jengo jipya, lakini ndiko kunakolinda sadaka yenu.

Mgomba haungoji kufa ndipo uchipue. Nasi tusingoje.