Stima ya Chumba cha Nyuma

Umejenga chumba cha mabati nyuma ya nyumba, kijana wako ahamie. Stima umeivuta kwa nyaya mbili kutoka sebuleni. Taa inawaka, sawa, lakini waya wa tatu uko wapi?

Waya huo, wa kijani na manjano, huunganishwa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Usipokuwepo, stima ikivuja, mabati yenyewe hubeba stima. Mtoto akiyagusa miguu mitupu, mwili wake ndio unakuwa njia ya kwenda ardhini.

Usitegemee fyuzi. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13; moyo unaweza kusimama kwa ampea 0.1. Mwambie fundi mwenye leseni aweke pia swichi inayokata stima ikivuja miliampea 30.

Mtu akinaswa, usimshike! Zima meni swichi kwanza. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka, mpeleke hospitali, kwani stima huunguza ndani.

Leo jioni, kagua chumba hicho. Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane wiki ijayo.