VIOO VYA PIKIPIKI, NA BEGA LA KULIA
(Mazungumzo kwa wanachama na waendesha bodaboda wa Kilungu)



Nimeombwa niseme juu ya vioo. Najua wengine walitumaini nitasema juu ya bei ya petroli, lakini hilo lina siku yake. Nilipopita stejini asubuhi hii niliona pikipiki nyingi zenye pembe bila macho: vyuma vya kushikia vioo vipo, vioo vyenyewe havipo. Nyingine zina vioo, ila vimegeuzwa ndani ili mwenyewe ajitazame ndevu.

Mkiulizwa, mwasema vioo vyagonga magari penye msongamano, vyaibwa usiku, na juu ya murram vyatetemeka hata havionyeshi kitu. Sababu hizi si za uongo. Hii ya mwisho ni ya zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1911, kule Indianapolis, Marekani, Ray Harroun aliingia katika mashindano ya motokaa akiwa peke yake. Wenzake walichukua watu wawili katika gari, mmoja kuendesha na mwingine kutazama, kama taniboi wa lori. Walipolalamika, Harroun alifunga kioo mbele yake, akashinda. Baadaye mwenyewe alisema kioo kile kilitikisika mno juu ya barabara ya matofali, hata hakuona kitu.

Basi kioo peke yake hakitoshi. Lakini kukosa kioo si dawa ya kioo kinachotetemeka.

Tuanze na kukitengeneza. Kaa juu ya pikipiki kama ukaavyo kazini, koti lako mwilini, na mwenzako aishike isianguke. Katika kila kioo yafaa uone kipande kidogo tu cha kiwiko au bega lako, na sehemu yote iliyobaki iwe barabara ya nyuma. Ukiona kifua chako chote, umepoteza nusu ya kioo. Tena vioo vingi vya pikipiki vimebinuka kidogo, navyo hufanya kitu kionekane kidogo na cha mbali kuliko kilivyo. Lori unalodhani liko mbali, liko karibu.

Sasa fanyeni jaribio hili hapo stejini. Mmoja akae juu ya pikipiki iliyosimama, mwingine aje kwa miguu kutoka nyuma, upande wa kulia. Atamwona katika kioo. Akikaribia, kuna mahali atakapotoka katika kioo, na jicho la pembeni bado halijamwona. Hapo panaenea Probox nzima pamoja na abiria wake.

Mahali hapo hutazamwa kwa njia moja tu, kugeuza kidevu kuelekea bega. Kidevu, sikusema kiwiliwili. Ukigeuza mwili, mikono huvuta usukani na pikipiki hufuata. Mpango ni huu: kioo, indiketa, kioo tena, bega, ndipo ukate kona. Mtupo wa jicho uwe mfupi, kwa maana ukiwa katika kilomita 30 kwa saa, kila sekunde wakwenda mita 8 bila kuona mbele. Profesa Hurt, aliyechunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles na kutoa taarifa mwaka 1981, aliona kwamba hatari nyingi zilitoka upande wa mbele. Kwa hiyo hakikisha mbele ni peupe kabla hujageuza kidevu.

Kwetu Kilungu jambo hili lina uzito wake. Barabara ya kutoka Nunguni kushuka Salama ina kona, na kila baada ya hatua chache kuna njia ya kuingia katika mashamba ya matuta. Twaendesha upande wa kushoto. Anayetaka kuingia njia ya mkono wa kulia lazima akate mbele ya yule anayempita. Na madereva wa mteremkoni wana tabia ya kutoa gia ili kuokoa mafuta. Gari lashuka kimya kimya, na wewe una helmeti, na upepo wavuma. Masikio hayatakuambia kitu. Ikiwa wewe wakwenda kilomita 30 na gari la nyuma kilomita 80, likiwa mita 70 nyuma yako litakufikia baada ya sekunde 5. Mtu aliyetazama kioo, kisha akasimuliana na abiria kidogo, kisha akakata kona, sekunde hizo amezila.

Huko chini Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa, mambo hugeuka: wewe ndiwe usiyeonekana. Dereva wa trela yuko juu, upande wa kulia. Ubavu wake wa kushoto karibu na kabini, na nyuma kabisa ya tela, haoni. Kama huoni uso wake katika kioo chake, jua naye hakuoni. Usipenye kushoto kwake hata kama pana nafasi. Akikata kushoto, matairi ya nyuma huingia ndani na kuimeza nafasi ile.

Mizigo pia ni pazia. Gunia la kabichi lililotokeza pande zote mbili, mbao, au ule mwavuli mkubwa, vyote vyakuziba. Na abiria wa pili, ambaye kanuni za mwaka 2015 zilimkataza, akusogeza mbele hadi viwiko vyajaza vioo.

Sasa nije penye neno la chama. Wengi wenu pikipiki si zenu. Kioo kikivunjika, mwenye pikipiki husema ni juu yako, nawe kila jioni una pesa ya kumpelekea, basi kioo changoja. Mimi nasema kioo ni chombo cha kazi kama breki, na mwenye mali ndiye wa kukinunua. Liandikwe katika mapatano kabla hujapokea ufunguo: pikipiki haitoki bila vioo viwili, na kisichovunjwa kwa uzembe hulipwa na mwenyewe. Mtu mmoja akidai hivi atafukuzwa. Steji nzima ikidai, itasikilizwa. Halmashauri yetu yaweza kuandika mfano wa mapatano hayo, wanachama wakitaka.

Na kwa mafundi neno moja: katika Yamaha nyingi, kioo cha mkono wa kulia hufungwa kwa kuzungusha kinyume cha kawaida. Msikilazimishe, nati nyingi zimeharibiwa hivyo, na mwenye pikipiki akaambiwa kioo hakikai.