Kumwaga Maji ya Rejeta Nyumbani



Apitaye barabara ya kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru huona mara nyingi gari lililosimama kando, boneti imeinuliwa na mvuke ukifuka. Mwenye gari hulaumu mlima, au jua, au fundi wake. Lakini mara nyingi kosa ni la maji yaliyokaa ndani ya rejeta miaka mingi bila kubadilishwa. Kuyabadilisha si kazi ngumu. Mtu aweza kuifanya uani kwake asubuhi moja, akiwa na karai, koleo na maji safi. Ila kazi hii yahusu moto na sumu, na kwa ajili hiyo haifai kufanywa kwa haraka.

Katika miaka ya 1950 dereva wa lori aliweza kujaza rejeta kwa maji ya mtoni, akapakia debe jingine nyuma, akaenda zake. Injini za siku hizi zina sehemu nyingi za alumini, na maji matupu huzila. Maji ya visima yenye chumvi huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, na vijia vyembamba vya rejeta huziba. Ndiyo sababu ya kutia dawa iitwayo kulanti, ambayo kiini chake kwa kawaida ni ethilini glikoli.

Huenda mtu akauliza: nchi isiyo na barafu, ila kileleni mwa Mlima Kenya, yataka nini na dawa ya kuzuia maji yasigande? Jibu ni kwamba dawa hiyo huzuia kutu, tena huchelewesha kuchemka. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,700, na huko maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 94 hivi, wala si 100. Injini nayo hufanya kazi karibu na digrii 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Kifuniko cha rejeta husaidia pia, kwa kuwa huyabana maji yasichemke hata yakipita joto hilo.

Basi hapo ndipo ilipo hatari ya kwanza. Afunguaye kifuniko hicho injini ingali moto huyafungulia maji yaliyobanwa, nayo hugeuka mvuke mara moja na kumbabua uso, kifua na mikono. Kitambaa hakimwokoi. Hapana budi kungoja mpaka kiganja kiweze kukaa juu ya rejeta bila kuungua. Mwenye busara huianza kazi alfajiri, kabla gari halijawashwa.

Gari na lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, na mawe yamewekwa kwenye magurudumu. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Waya wa betri ulio upande wa hasi ufunguliwe, maana feni ya umeme katika magari mengi yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata ufunguo umekwisha kuondolewa.

Chini ya rejeta, pembeni, kuna koki ndogo, mara nyingi ya plastiki. Ifunguliwe taratibu, kwani plastiki ya zamani huvunjika upesi. Gari lisilo na koki hulegezwa kifungo cha mpira wa chini, na mpira ukivutwa maji hutoka kwa kishindo. Gari dogo huchukua lita 5 hadi 7, lakini kiasi kikubwa chaweza kubaki ndani ya injini. Kwa hiyo wengi hujaza maji safi, huwasha injini kidogo, hungoja ipoe, na kumwaga tena. Maji ya kahawia yaonyesha kutu. Yakiwa na mafuta yanayoelea, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeharibika, na hilo ni la fundi.

Sasa karai limejaa, na watu wengi huliacha hapo wakaenda kunawa. Maji hayo ni matamu kwa ladha. Mbwa huyalamba kwa furaha, na paka aweza kufa kwa kijiko kimoja cha chai. Mtoto naye huvutwa na rangi yake ya kijani au nyekundu kama ya sharubati. Hata mtu mzima aweza kuuawa na kiasi kisichojaza kikombe. Anayekunywa huonekana kwanza kama mlevi tu, kisha figo zake huharibika. Apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili, na chombo chenyewe kichukuliwe, ili daktari aone ni kitu gani. Ziko dawa za kuizuia sumu hiyo, lakini hufaa zikitolewa mapema.

Kwa hiyo maji ya zamani yatiwe papo hapo katika mtungi wenye kifuniko kigumu, ulioandikwa SUMU. Yasitiwe kamwe katika chupa ya soda. Yasimwagwe shambani, mferejini, wala karibu na kisima. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 yakataza uchafuzi. Yapelekwe kwa gereji ikusanyayo taka za namna hiyo, na mwenyewe aulize zinakokwenda, maana ziko gereji zinazomwaga nyuma ya ukuta.

Kulanti mpya na iwe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Rangi peke yake haitoshi kuitambulisha, na aina mbili zikichanganywa zaweza kuganda kama uji. Ile isiyochanganywa hutiwa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, kama yale ya betri. Ile iliyokwisha kuchanganywa hutiwa ilivyo. Imiminwe polepole, betri iunganishwe, injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi na hita ikifunguliwa mpaka mwisho, ili hewa itoke kwa mapovu. Mpira wa juu ukishapata moto, na mapovu yakakoma, kiasi kiongezwe na kifuniko kifungwe.

Siku chache zifuatazo mwenye gari atazame kiasi kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Kupungua kidogo mara moja ni hewa iliyokuwa imebaki. Kikizidi kupungua, kuna mahali panapovuja.