Bomba Kukutana na Bomba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mafundi wa kuchomelea, Lodwar)



Nimeombwa niseme juu ya kuchora kwa kompyuta. Najua wako wanaodhani hiyo ni habari ya vijana wa ofisini. Basi nitaanza na tangi la maji, mzigo tunaoujua sote. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani kumi, na chini yake akina mama wamepanga mitungi. Tani hizo zimesimama juu ya viungo vyetu.

Bomba la pembeni likikatwa ovyo halilali juu ya bomba kuu, huacha mwanya. Nasi twaujua ugonjwa wetu. Mtu huchukua kipande cha nondo, hukisukuma mwanyani, hupitisha moto juu yake, kisha rangi. Kwa macho kiungo ni safi, ndani hakikushikana. Siku mnara utakapoinama, mwajiri aliyekuharakisha hataulizwa kwanza. Utaulizwa wewe.

Ipo programu iitwayo FreeCAD. Ni ya bure, na ikiisha kuwekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Chora kwanza mistari ya katikati ya fremu nzima, halafu ivishe mabomba kwa kipenyo cha nje. Kisha amuru bomba kuu liondolewe katika bomba la pembeni. Angalieni hapa: umbo la kuondolea liwe gogo zima, si bomba lenye tundu. Likiwa na tundu, kipande cha bomba la pembeni kitabaki kimejificha ndani ya bomba kuu.

Sasa chukueni bomba la kipenyo cha nje milimita 60.3, likutane na mwenzake sawasawa kwa pembe mraba. Mzingo wake ni milimita 189. Ugawe sehemu 12, kila moja karibu milimita 16. Kwenye mistari hiyo pima, kuanzia kooni hadi ncha ya sikio: 0, 4, 15, 30, kisha 15, 4, 0, na nusu ya pili vivyo hivyo. Unganisha nukta kwa mkono, kata karatasi, izungushe bombani, piga chaki. Hata printa haikuhitajika. Mwenye kompyuta akiwa Lodwar, aweza kumsomea mwenzake wa Kakuma tarakimu hizo kwa simu, kilomita kama 120 kutoka hapa.

Mtasema wazee wetu walifanya hayo kwa bikari. Kweli, na kwa pembe mraba bikari yatosha. Lakini bomba la mshazari lina vipimo saba tofauti, si vinne, na hapo ndipo kompyuta inapolipa gharama yake. Ukitumia printa, hakikisha ncha mbili za karatasi zinakutana bombani. Zisipokutana, printa imeipunguza picha, nawe usikate.

Ukiisha kukata, ukingo wa ndani ndio utakaogusa kwanza. Upunguze kwa grainda mpaka wa nje ulale. Na bomba la mabati likwanguliwe zinki kwanza, maana moshi wake huleta homa usiku.

Nina jambo moja la chama. Kuchora ni kazi. Mtu akikaa saa mbili kutafuta vipimo, saa hizo ziandikwe kama saa za kuchomelea. Huko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, wapo mafundi wenyeji na wapo wakimbizi. Aliyechora mchoro ule ule alipwe malipo yale yale, na mchoro ubaki na mafundi, usiondoke na mkandarasi. Mnara ukihitaji kutengenezwa, bila mchoro tutaanza tena kupima kwa kamba.

Karatasi za bomba la milimita 60.3 ziko pale mezani. Wa Kakuma chukueni mbili mbili.