Kudhani si Imani: Neno kwa Wazazi Wanaopanga Kupeleka Watoto Ziwani Siku za Noeli

Somo: Luka 2:41-52

 

Noeli imekaribia, na watoto wetu wameanza swali lao la kila mwaka: je, mwaka huu tutashuka ziwani? Watoto wa milimani wanajua ng'ombe, mvua na matope. Lakini tukitoka Mushaki kuteremkia Sake, na Ziwa Kivu likitokea kule chini, gari zima linajaa makelele. Furaha hiyo si dhambi. Mungu ndiye aliyeumba maji, na mtoto anayecheka ndani ya maji anamfurahisha Muumba wake.

Leo tunataka kusema na wapapa na wamama wanaopanga safari hiyo. Tumechagua somo ambalo kwa kawaida hatulisomi siku za Noeli, ingawa liko katika sura ile ile yenye habari za hori na wachungaji wa kondoo.

Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, kama desturi yao ya kila mwaka. Yesu alikuwa na miaka 12. Sikukuu ilipoisha walirudi pamoja na ndugu na majirani, lakini mtoto alibaki nyuma. Wazazi wake walitembea siku nzima bila kujua, kwa sababu walidhani yuko katikati ya wasafiri wenzao. Walimpata baada ya siku tatu.

Wapendwa, hao walikuwa wazazi wazuri. Walikuwa wanatoka kuabudu, hawakutoka kwenye ulevi. Kosa halikuwa kukosa upendo, wala kukosa maombi. Kosa lilikuwa kudhani. Kila mmoja alidhani kuna mwingine anayemwona mtoto.

Tunalijua jambo hilo kwa sababu lilitupata sisi wenyewe. Mwaka mmoja, siku mbili baada ya Noeli, jamaa tatu za kanisa letu tulikodi gari na kushuka ziwani. Tulikuwa watu wazima 9 na watoto 14. Asubuhi tuliomba, tukafunika safari kwa damu ya Yesu, tukaimba njia yote. Tulipofika, wamama waliwasha moto wa kupika, wapapa tukakaa kivulini na simu zetu. Chakula kilipoiva tulihesabu watoto, wakawa 13.

Hatutasahau dakika zile. Aliyekosekana alikuwa na miaka minne. Tulikimbia huku na huku, tukiita jina lake, na ziwa limetulia kama halijui kitu. Mwishowe tulimwona mama mmoja aliyekuwa anafua nguo mbali kidogo na sisi. Alikuwa amemshika mtoto mkono. Alimkuta ndani ya maji, yamefika kifuani, anafuata kopo lililokuwa linaelea. Mama yule alituuliza swali moja tu: mwenye mtoto huyu ni nani? Watu wazima 9 tukatazamana. Kila mmoja alianza jibu lake kwa neno lile lile: mimi nilidhani.

Kisha baadhi yetu wapapa tukageukia mama mzazi: wewe ulikuwa wapi? Alikuwa anatupikia sisi. Tunaona haya kulisema, lakini ni lazima lisemwe. Katika Luka 2:48, Maria anamwambia mtoto kwamba baba yake na yeye wamemtafuta kwa huzuni. Wote wawili walitafuta. Mtoto si kazi ya mama peke yake.

Tangu siku ile tumejifunza kwamba kudhani si imani. Imani inamkabidhi Mungu mtoto, kisha inamshika mkono. Yesu wa miaka 12 alibaki hekaluni kwa Baba yake. Mtoto wetu wa miaka minne akibaki nyuma, haendi hekaluni, anaenda majini.

Basi, tukipanga safari mwaka huu, tufanye nini?

Kwanza, tukae chini tuhesabu gharama, kama Bwana anavyofundisha katika Luka 14:28. Tusikope kwa ajili ya siku moja ya maji. Wengi wetu tunaishi kwa koltani, na tunajua pesa yake inavyokuja mbio na kuondoka mbio. Mwezi wa kwanza uko mlangoni na mahitaji yake.

Pili, tuulize njia. Mwezi wa kumi na mbili mvua bado inanyesha, barabara inaharibika na udongo unaporomoka. Tena tunajua sote kwamba mahali petu amani haijatulia. Yosefu alipoonywa, aliamka usiku akamkimbiza mtoto Misri, hakusema amekwisha kupanga mambo mengine. Habari zikiwa mbaya, tuwaambie watoto ukweli, Noeli tuifanye nyumbani. Ahadi iliyoahirishwa inaweza kutimizwa mwaka mwingine.

Tatu, tuogope boti iliyojaa. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na watu waliokuwa ukingoni wakiitazama. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na wengi walikufa. Kama hakuna jile, ile koti ya kuelea majini, ya kipimo cha mtoto, mtoto asipande, hata kama ni kwa kutembezwa kidogo tu.

Nne, tuwe na habari ya mazuku. Upande wa Sake na Goma, kuna mahali ambapo gazi kaboniki inatoka ndani ya udongo wa volkano. Haionekani, na pua haiwezi kuigundua. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia katika mashimo na mabonde madogo kama maji yanavyotulia katika beseni. Papa aliyesimama anaweza kuwa anavuta hewa nzuri, na mtoto aliyelala kwenye kitenge karibu na miguu yake anavuta mauti. Inajaa zaidi usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia. Kwa hiyo tusitandike katika bonde, na watoto wasicheze kujificha katika mashimo ya mawe. Tuwaulize wenyeji kwanza. Tukiona ndege au mbuzi amekufa bila sababu, tuondoke. Na mtu akianguka ndani ya shimo, tusirukie kumfuata, maana wengi wameanguka juu ya wenzao. Tuite watu wanaopajua.

Tano, na hili ndilo kubwa: kila mtoto mdogo awe na mtu wake, kwa jina. Tusiseme wote tutawaangalia. Tuseme: papa huyu anaangalia hawa wawili mpaka saa sita, kisha mama yule anampokea. Anayeangalia hapiki, hashiki simu, hasinzii. Maji yasipite magoti ya mtoto, kwa kuwa mahali pengi ziwa letu linashuka kwa ghafla. Tuhesabu watoto wakishuka garini, wakila, na kabla ya kurudi. Walimu wa Ekodimu wanaweza kutusaidia kuandika namba ya simu ya mzazi kwenye nguo ya kila mtoto.

Tunajua pia wako wazazi wanaotusikia ambao hawana hata nauli ya pikipiki. Wako waliokimbia vijiji vyao, na Noeli hii itawakuta chini ya shiti. Ndugu, msijione watu wa chini. Mwana wa Mungu alizaliwa safarini, nyumba ya wageni ikiwa imejaa. Na sisi tunaokwenda, tukiwa na nafasi moja garini, tumwombe jirani mtoto wake mmoja, tumwangalie kama wetu, kwa jina.

Mtoto wetu yule sasa anasoma. Siku za mwisho wa mwaka anatuuliza kwa nini tunamshika mkono kwa nguvu tukiwa karibu na maji. Siku moja tutamweleza.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa watoto uliotupa. Tusamehe mara tulizodhani. Mbariki mama yule aliyekuwa anafua, popote alipo. Linda njia, tuliza ziwa, utupe macho yasiyosinzia juu ya wadogo hawa. Katika jina la Yesu. Amina.

Noeli njema na Bonane njema kwenu nyote.