Miti milioni 15 kwa usiku mmoja

Usiku wa kuamkia Oktoba 16, 1987, upepo uling'oa kusini mwa Uingereza miti inayokadiriwa kufikia milioni 15. Mbona mingi hivyo? Ni msimu, msikilizaji. Majani yalikuwa hayajapukutika, kila mti ukasimama kama tanga lililotanda, na ardhi imelowa mvua, mizizi haina pa kushika. Mji wa Sevenoaks, jina lenye maana ya mialoni saba, ulipoteza sita kati ya saba yake. Watu 18 walikufa. Ingekuwa mchana, barabara zimejaa, sithubutu kukisia. Saa chache kabla, mtabiri wa BBC Michael Fish aliwatoa watazamaji hofu ya kimbunga. Kitaalamu hakukosea: hakikuwa kimbunga cha kitropiki. Nenda kamweleze hayo aliyeezuliwa paa.