Watoto Waliofaulu Wasifike



Twaomba kusema habari ya watoto wa Kihoto waliofaulu mtihani na ambao Chuo Kikuu hawakukiona. Chuo hakiko mbali. Egerton iko Njoro, katika kaunti yetu hii hii. Kilipoanzishwa mwaka 1939 kilikuwa shule ya ukulima ya walowezi, na mtoto wa Mwafrika hakuitazamia. Siku hizi rangi haizuii mtu. Kizuizi kimehamia penginepo.

Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2023, ambao umeshindaniwa sana mahakamani, uliweka nyumba katika ngazi tano: ya chini ilipe asilimia 5 ya karo, ya juu asilimia 40. Hilo twalisifu. Lakini ngazi hupimwa kwa majibu na hati zinazotiwa katika kompyuta: kitambulisho cha mzazi, na kwa yatima cheti cha kifo. Nanyi mwakumbuka ziwa lilivyoingia majumbani mwetu mwaka 2020, na tena 2025. Magodoro tuliyaanika yakakauka. Vyeti vilikuwa uji.

Twamfahamu binti mmoja asiye na baba, aliyepata alama ya B. Alipokuwa akienda na kurudi kutafuta cheti kingine, siku za maombi zikapita. Leo anafunga mawaridi shambani pamoja na mama yake. Mtoto wa meneja, mwenye alama ile ile, alijaziwa fomu na babaye jioni moja. Hatumwonei kijicho, baba alifanya lililompasa. Ila sisi makarani wa chama, tujuao kujaza fomu hizo, binti yule hakutuuliza, nasi hatukumwuliza.

Wazee wengine husema sanduku letu ni la mazishi. Ni kweli, na maiti hangoji. Basi hatuombi karo, maana hatuiwezi. Twaomba kasha moja la bati, likae kwa mweka hazina, ambaye nyumba yake maji hayakuifikia, litunze vyeti vya wanachama. Twaomba fedha kidogo za kukopesha anayetafuta cheti kipya. Tena, matokeo yatokapo, iwekwe meza kila Jumamosi hadi maombi yafungwe. Majina ya makarani watakaoketi hapo tumekwisha kuyaandika, na karatasi iko mbele ya Mwenyekiti.